INJINI IMEGOMA: HISTORIA YA VUMBI, MAFUTA NA MOTO UGOGONI

Ugogo mvua ni mgeni wa heshima: huja kwa kuchelewa, hukaa kidogo, huondoka bila kuaga. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote humwagika kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Lakini hizo mvua chache zikishaigusa ardhi, jamani, majani huota kama yamepigiwa filimbi. Wiki mbili tatu tu, na viwanja vya shule, makanisa, misikiti, kandokando ya barabara iendayo Dar es Salaam na vile viwanja vipya vya Mtumba, kote kijani.

Hapo ndipo mashine ndogo za kukata majani hutolewa stoo. Zimelala humo tangu Mei. Mwenye mashine hufuta utando wa buibui, hushika kamba, huvuta. Kimya. Huvuta tena. Kimya. Mara ya ishirini, jasho likimtiririka, injini hukohoa mara moja kama mzee aliyekatishwa usingizi, halafu basi. Imegoma. Na swali la kwanza linalomtoka mdomoni karibu siku zote ni hili: "Sasa si bora ninunue nyingine?"

Msomaji, usilidharau swali hilo. Lina historia, na sehemu kubwa ya historia yake imetendeka papa hapa, kwenye uwanda huu wa kati. Liliwahi kuulizwa na serikali ya dola kubwa, likajibiwa kwa mamilioni ya pauni, na jibu likawa la makosa. Makala haya yanadai jambo moja tu: injini nyingi zinazotupwa Ugogo hazikufa. Zilikosa mtu wa kuziuliza maswali kwa mpangilio. Na kila zama zilipomdharau mtu huyo, zililipa.

MASWALI MATATU YA FUNDI

Ukikaa kwenye kijiwe cha fundi wa pikipiki, jenereta au mashine za majani, utaona kwamba fundi wa kweli hana haraka ya kushika spana. Anauliza. Moto upo? Mafuta yanafika? Hewa inapita? Injini ya petroli, iwe ya gari au ya mashine unayoibeba begani, haitaki zaidi ya hayo: petroli ichanganyike na hewa kwa kipimo, igandamizwe ndani ya silinda, kisha cheche iiwashe kwa wakati wake. Basi. Wengine huongeza swali la nne, la mgandamizo, kwa kuwa pistoni na ringi zikichoka hata hayo matatu yakiwapo injini itakuwa kama mtu mwenye pumu anayeambiwa apulize tarumbeta.

Maswali haya ni mageni kiasi kwenye suala la majani. Mashine ya kwanza ya kukatia bustani ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, nayo ilikuwa ya kusukumwa kwa mikono. Haikuwa na cha kugoma isipokuwa msukumaji mwenyewe. Baadaye injini ndogo ikaja. Mwaka 1902 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa sumaku wenye nguvu ya kutosha kurusha cheche kwenye plagi bila kutegemea betri. Mwaka 1908 Briggs & Stratton ilianzishwa Milwaukee, Marekani, na hatimaye ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa injini ndogo duniani. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja wa Houston, George Ballas, aliangalia brashi za kuoshea magari zinavyozunguka, akapata wazo la mashine inayokata majani kwa uzi. Mashine za kubeba begani tunazoziona leo zina undugu na wazo hilo.

Sisi huku tulikuwa na kwanja. Nani aliyesoma shule ya Tanzania asiyelijua kwanja? Ukichelewa namba, kwanja. Ukipiga kelele darasani, kwanja. Kwanja halina plagi wala kabureta. Likipoteza makali, unalinoa kwenye jiwe. Ndiyo maana mashine ilipokuja kulirithi, wengi walilirithisha na tabia: wanaitupa kona ya stoo msimu ukiisha, wakitarajia kuikuta kama walivyoiacha. Kumbe chuma kisicho na injini kinaweza kusahauliwa, injini haitaki.

HEWA: KONGWA, 1947

Sasa tuifuate barabara kutoka Mtumba kuelekea mashariki, hadi wilaya ya Kongwa, ambako swali la hewa na vumbi liliulizwa kwa ukubwa usiosahaulika.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, alileta wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikuja kuangalia ardhi, ukapendekeza shamba la zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na lengo la mwaka wa kwanza likawa ekari 150,000.

Ulimwengu mzima ulikuwa unahitaji matrekta, na mapya hayakuwepo. Wakanunua yaliyotumika vitani, masalia ya majeshi yaliyokuwa yamerundikwa Ufilipino na Misri. Kwa lugha yetu ya mitaani, ilikuwa mitumba, mitumba ya vita. Kiwanda cha Vickers kilifikia hata kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mitumba yenyewe si aibu. Nusu ya nchi hii imevaa mitumba na inapendeza. Aibu ni kununua mtumba bila kuugeuza ndani ukaangalia mshono.

Mashine hizo zilikutana na nchi ambayo hazikuiuliza hodi. Kichaka cha Kongwa ni cha miiba na mizizi iliyosukana. Mibuyu yake haisogezwi kwa bega. Udongo wake una mfinyanzi: ukikauka hukaza kama tofali. Mchanga wake hukwangua chuma kama msasa. Na vumbi, bwana, vumbi la Ugogo halibishi hodi. Linaingia kwenye kichujio cha hewa, kichujio kikishindwa linaingia kwenye silinda, likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia ringi. Injini inaanza kutoa moshi, inapoteza nguvu, inanoki.

Halafu vipuri vilikuwa mbali. Kila kitu kilitoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia moja ya reli, na mafuriko ya mto Kinyasungwe yakaikata hata hiyo. Vijana wa Kitanganyika walifundishwa harakaharaka kuendesha mitambo ambayo wengi wao hawakuwa wamewahi kuigusa, wakawekwa juu ya viti. Kabla mwaka huohuo 1947 haujaisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Ekari zilizopandwa msimu ule wa kwanza hazikufika 10,000.

Hapo ndipo lilipoulizwa lile swali la mwenye mashine iliyogoma: tununue nyingine? Na wakanunua nyingine. Na nyingine. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuzika mpango huo, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Watu wengi husema karanga zilishindwa kwa sababu ya mvua, na mvua kweli ilichangia. Lakini hata kabla mvua haijahukumu, karakana ilikuwa imeshahukumu. Trekta mia moja zilizosimama bila fundi, bila kichujio na bila kipuri ni chuma chakavu chenye bei ya trekta.

Mwenye mashine ndogo ya majani leo anairithi Kongwa bila kujua. Dodoma mjini pako kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapo ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja katika kumi ukilinganisha na pwani. Injini iliyopimiwa pwani ikipandishwa huku hupata petroli nyingi kwa hewa kidogo: plagi inakuwa nyeusi tii, moshi unakuwa mwingi, nguvu zinapungua. Ongeza kichujio kilichojaa vumbi, na umeiziba pua na mdomo. Kwa hiyo fundi mzoefu, akiambiwa "inawaka lakini haina nguvu," hafungui injini. Anafungua kifuniko cha kichujio kwanza. Kama ni sponji, anaikamua kwenye maji ya sabuni, anaikausha, anaipaka oili kidogo. Kama ni karatasi, anaikung'uta taratibu au anaibadilisha. Kazi ya dakika chache. Kongwa wangeweza kuokoa mashine ngapi kwa nidhamu hiyo? Tusikisie. Tuseme tu kwamba nidhamu hiyo ni rahisi kuliko trekta.

MAFUTA: PAMPU, TAA NA NENO JIPYA

Uhuru ulipokuja, injini Ugogoni zilibadilisha kazi. Sasa zilisaga mtama na uwele, zikavuta maji visimani. Mwaka 1971, wakati vijiji vya mkoa wa Dodoma vikikusanywa kwa Operesheni Dodoma, taifa lilijiwekea mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ya karibu ifikapo 1991. Pampu nyingi zikafungwa, nyingi kati yake zikiendeshwa kwa dizeli.

Unajua kilichofuata. Bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, na miaka ya 1980 ikaingia bila dizeli wala vipuri. Sehemu nyingi pampu ilikuwepo, kisima kilikuwepo, maji yalikuwepo chini. Kilichokosekana ni lita chache na ringi moja. Akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mito mikavu. Ni somo lilelile la Kongwa, ila sasa aliyelipa si mlipa kodi wa London. Ni binti mwenye ndoo kichwani.

Zama zetu zina ugonjwa wake wa mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli, maana ndiyo yaliyowasha vibatari na majiko ya wanyonge. Wajanja wakaona dili: changanya ya taa kwenye petroli au dizeli, uza kwa bei kubwa. Mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Katikati ya sakata hilo likavuma neno: kuchakachua. Mwaka huohuo wa uchaguzi, 2010, likaruka kutoka kwenye tangi hadi kwenye sanduku la kura, na halijarudi tena. Washikaji mnaoandika, hapo pana funzo letu la ufundi. Neno hilo lilivuma kupitia tangi la mafuta, na leo mwanasiasa, mwalimu na mpenzi aliyesalitiwa wanaliazima.

Injini ndogo ndiyo ya kwanza kuusema ukweli wa mafuta machafu, maana haina mfumo wa kujificha. Petroli yenye mafuta ya taa haigeuki mvuke kirahisi: asubuhi haiwaki, ikiwaka inatoa moshi na kugongagonga ndani.

Lakini ugonjwa mkubwa wa mashine za Ugogo si wa wezi. Ni wa kalenda. Petroli si maji ya mtungi. Ikiachwa kwenye tangi miezi mingi, sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, huyeyuka na kwenda zake. Kinachobaki huwa kizito na huacha utando wa gundi ndani ya kabureta. Na kabureta ina vitundu vyembamba, vingine havipitishi hata sindano nene. Kimoja kikiziba, imekwisha. Hiyo ndiyo maana ya ile sauti moja ya kikohozi: injini imewashwa na tone ulilomwaga kwenye plagi au lililovutwa kwa choki, tone likaisha, hakuna jingine linalofika.

Tiba yake ni ya kijinga kwa urahisi. Mwezi Mei, majani yakikauka, mwaga petroli yote kwenye chombo salama, kisha washa injini iungurume mpaka izime yenyewe kwa njaa. Kabureta italala tupu. Kama hukufanya hivyo na Desemba imekukuta, mwaga petroli ya zamani, fungua kabureta, safisha vitundu kwa dawa ya kusafishia na upepo wa kompresa, usivitoboe kwa waya mgumu ukavipanua. Na tafadhali, usinyonye petroli kwa mdomo. Mapafu hayana kipuri.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya wengi: mashine inawaka vizuri, inakata dakika tano, inazima, ikipumzika, inawaka tena. Mwenye nayo atasema injini imechoka. Fundi atalegeza kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia. Vumbi likikiziba, petroli ikishuka hewa haiingii, mafuta yanasimama. Mashine nzima inasimamishwa na kitundu.

Na zile za kubeba begani zenye injini ya mizunguko miwili hazina oili yake peke yake. Oili inachanganywa na petroli. Mashine nyingi za sasa hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita 1. Nyingine hutaka 1 kwa 25, yaani mililita 40. Soma kibandiko chake, usimsikilize jirani. Anayetia petroli tupu kwa kubana matumizi huua silinda mara moja, na hapo, kweli, utanunua nyingine.

MOTO: CHECHE ISIYODANGANYA

Limebaki swali la moto, nalo ndilo lenye majibu ya wazi. Chomoa plagi, iangalie. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, au umevuta choki kupita kiasi. Ikaushe, funga mafuta, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi, injini itoe ulevi. Ikiwa kavu kabisa, rudi kwenye swali la mafuta. Ikiwa nyeusi ya masizi, rudi kwenye hewa. Rangi ya kahawia ya mchanga ndiyo afya. Plagi ni barua ambayo injini inakuandikia. Wengi wanaitupa bila kuisoma.

Kisha ijaribu: ivalishe kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli yoyote, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayolia ta, ta, ta, moto upo. Hakuna cheche, jaribu plagi nyingine kabla ya kulaumu koili, na hakikisha swichi ya kuzimia haijabaki kwenye kuzima. Usicheke. Swichi hiyo imelipia mafundi chakula cha mchana kwingi. Na kabla ya kugusa wembe wowote wa mashine, ondoa kofia ya plagi. Injini iliyogoma saa nzima inaweza kuamka kwa mzunguko mmoja wa mkono.

MTUMBA NA WANAOJUA KUULIZA

Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji, CDA. Miaka ikapita. Bunge likahamia mwaka 1996. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na Aprili 13, 2019 akazindua Mji wa Serikali Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Dodoma. Mahali palipojulikana kwa mashamba ya mtama na mifugo pakapata wizara, lami, taa na bustani.

Bustani zikaleta ajira, na ajira ikaleta kamba za kuvuta. Tunaambiwa kila siku kwamba mji mkuu ni majengo. Sawa. Lakini Kongwa nako kulikuwa na majengo, reli, hata shule. Kilichokosekana ni watu wengi wa mahali hapo wenye elimu ya kutosha, wanaoheshimiwa kiasi cha kusikilizwa wanaposema, "Subiri, usinunue kwanza, ngoja tuangalie kichujio." Vitabu vya Kongwa vinamtaja waziri John Strachey, vinataja ekari na pauni. Kijana aliyelala chini ya trekta akipambana na nati iliyoshika kutu hana ukurasa wake.

Hiyo ndiyo kazi yetu, sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Tumezoea kuandika mapenzi ya mjini na huzuni ya kukosa ajira, na si vibaya. Ila kijiweni, kando ya barabara ileile ya Mtumba, pana mtu anayesoma rangi ya plagi kama shairi, anayejua kwa sauti peke yake kama tatizo ni hewa au mafuta. Elimu yake haipo kwenye mtaala wala kwenye gazeti. Akizeeka nayo, kizazi kijacho kitaanza upya, kitavuta kamba mara ishirini, kitasema mashine imekufa.

Nendeni mkamkalie. Mpelekeeni soda, muulizeni kwa mpangilio kama yeye anavyoiuliza injini: ulijifunza wapi, nani alikufundisha, ipi ilikushinda? Andikeni majibu kwa maneno yake, na plagi zake na koili zake. Mvua za Desemba hazisubiri mtu, na Mei petroli ni ya kumwagwa.